Nimetengeneza friza yao kutwa nzima, kisha "tutakupigia". Huu ni usaili au ni nini?

#1 Mwana wa Langoni

Asalaam aleikum wanajukwaa. Nina jambo limenikaa rohoni wiki mbili sasa, naomba mnisaidie kulielewa.

Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi, naishi Lamu, Langoni. Nina gredi 1 ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) na miaka 9 ya kazi, mingi kwenye nyumba za wageni za Shela na friza za samaki. Mwezi uliopita niliomba kazi ya fundi katika hoteli moja ya Malindi, upande wa baharini. Jina silitaji. Wakaniita. Nikavuka alfajiri hadi Mokowe, nikapanda basi: Hindi, Witu, Garsen, kila kizuizi shuka uonyeshe kitambulisho. Usiku nikalala kwa shangazi yangu Barani ili asubuhi niamke mzima.

Tulikuwa watu watano kwenye benchi. Ndani kulikuwa na meneja, mama wa ofisi ya wafanyakazi, na fundi mkuu. Aliyeuliza yote ni fundi mkuu.

La kwanza: "Friji haitoi baridi. Kwa nini?" Nikamuuliza, kompresa inalia au imenyamaza? Feni zinazunguka? Koili ina barafu au iko kavu? Akanikata: "Hapa tunauliza sisi."

La pili: mtungi wa R-410A, gesi ya viyoyozi, una rangi gani. Nikamjibu zamani ulikuwa waridi, lakini mitungi mipya mingi haina tena rangi yake, siku hizi mtu asome maandishi. Akamgeukia meneja akacheka.

La tatu ndilo lililoharibu. Akauliza R-404A, gesi ya friza, unaijaza ikiwa mvuke au ikiwa maji, yaani gesi yenyewe ikiwa kimiminika. Nikasema maji, kwa sababu ni mchanganyiko wa gesi tatu. Ukiitoa ikiwa mvuke, ile inayochemka upesi hutangulia, na kinachobaki mtungini si 404A tena. Akasema, "Wewe utaniulia kompresa." Nikaanza kueleza, akainua mkono ninyamaze. Mbele ya watu, kama mtoto wa chuoni.

Kisha akaniambia twende kwenye jaribio la vitendo. Nikidhani ni meza yenye kifaa cha kujifunzia. Akanipeleka friza yao ya nyama na samaki, chumba kizima, koili ya ndani imeganda kama jiwe la matumbawe. Kipimajoto kinasoma nyuzi 3 chini ya sifuri, na ilitakiwa iwe 18. Sakafuni damu ya samaki imeanza kuyeyuka. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameongeza gesi tu. Nikatoa mita yangu, nikapima: hita ya kuyeyushia barafu imekatika, taima imekwama, na mpira wa mlango umechanika karibu shubiri mbili, hewa ya bahari inaingia na unyevu wake wote. Nikayeyusha barafu kwa maji, nikapata hita mpya stoo kwao, nikaifunga, nikabadilisha taima, nikaipanga iyeyushe kila baada ya saa sita kwa dakika 25, nikapunguza gesi iliyozidi nikairudisha mtungini. Nilianza saa nne asubuhi, nikamaliza saa kumi jioni. Hakuna aliyenipa hata gilasi ya maji. Naondoka ilikuwa imefika nyuzi 14 chini ya sifuri na bado inashuka.

Fundi mkuu akanipa karatasi: "Andika hatua zote ulizofanya, ni za faili lako." Nikaandika, pamoja na mpango wa taima. Nikawasisitizia wanunue mpira wa mlango, bila huo barafu itarudi. Meneja akanipa mkono: "Tutakupigia."

Nauli na boti, kwenda na kurudi, karibu shilingi 2,500. Simu haijalia. Swali langu: huu ulikuwa usaili kweli?

#2 Tuktuk wa Maweni

Kaka, wewe hukusailiwa, ulifanyishwa kibarua. Friza iliharibika, fundi wa kuita ni pesa, wakakumbuka kuna vijana watano wanakuja kesho yake. Hesabu rahisi. Pole.

#3 Koleo Mbili

Pole ndugu. Lakini kwenye gesi nataka tuwe wakweli. Fundi mkuu hakukosea yote. Maji yakiingia moja kwa moja kwenye bomba la kunyonya wakati kompresa inazunguka, yanavunja vali. Nimeiona kwa macho yangu, Mtwapa, kompresa mpya imekufa kabla ya adhuhuri. Halafu 404A mabadiliko yake ya joto inapochemka ni madogo mno, hayafiki hata nyuzi moja. Ingekuwa 407C hapo sawa, ile gesi zake zinatengana.

#4 Mwana wa Langoni

@Koleo Mbili ahsante. Hilo la kuvunja vali nalijua na ndilo nililotaka kumalizia aliponinyamazisha: unatoa maji mtungini, lakini unayapitisha kidogo kidogo kwa geji ili yageuke mvuke kabla ya kufika kompresa. Au unaijaza upande wa presha kubwa mtambo ukiwa umezimwa, baada ya kuvuta vakyumu. Sikatai kurekebishwa. Nilichokasirikia ni kukatwa katikati ya sentensi.

#5 Koleo Mbili

Hapo tumeelewana. Ungenijibu hivyo mimi, ningekuajiri papo hapo.

Na kuhusu rangi, kwa wanaosoma: R-22 ilikuwa kijani, 134a samawati, 404A chungwa, 410A waridi. Chama cha watengenezaji cha Marekani ndicho kilichopendekeza mitungi yote iwe rangi moja kuanzia 2020, kijani cha kijivujivu. Kwa hiyo jibu la kijana lilikuwa sahihi kuliko swali lenyewe. Ila mitungi ya zamani na ile inayorandarandishwa bado iko na rangi zote, na wengine wanajaza kitu kingine humo. Mtu asiyesoma maandishi akaijua rangi tu, siku moja atajaza gesi inayowaka moto mahali pasipo pake.

#6 Dada Waya

Nami nichangie. Nina leseni ya sola ya EPRA (mamlaka ya nishati), daraja la T2, na nimefunga paneli kwenye mapaa ya makuti na ya saruji, Manda mpaka Kipungani. Mwaka juzi niliitwa usaili na nyumba moja ya wageni huku Lamu. Swali la kwanza halikuwa la betri wala inveta. Niliulizwa, "Mumeo atakuruhusu?" La pili, "Na hilo buibui utapandaje nalo ngazi?" Nikawaambia navaa suruali ya kazi na mkanda wa usalama, na ngazi ninayo yangu. Wakatazamana. Baadaye wakanipeleka kwenye chumba cha betri, wakaniuliza kwa nini zinakufa kila miezi minane. Nikawaonyesha: betri mbili za zamani wamezifunga pamoja na sita mpya, zile kuukuu zinazivuta mpya chini. Na zimewekwa chumba kisicho na dirisha, joto lake linakupiga usoni ukifungua mlango.

Kazi akapewa mwanamume. Betri wakazitenganisha kama nilivyosema, najua kwa sababu aliyepewa kazi alinipigia kuniuliza waya unene gani.

Kwa hiyo @Mwana wa Langoni, si wewe peke yako. Lakini naona lako lina jambo la ziada. Ile karatasi.

#7 Tuktuk wa Maweni

Karatasi! Hata mimi nilikuwa nataka kulisema. Faili gani la mtu asiyeajiriwa linahitaji mpango wa taima?

#8 Mpokea Wageni

Salamu. Mimi niko upande wa pili wa meza, Watamu, nimekaa kwenye usaili wa mafundi mara nyingi. Naomba msikimbilie kulaumu. Vyeti vya kununua vimejaa. Nimewahi kuletewa gredi 1 na mtu asiyejua kushika mita, ameigeuza nyuma mbele. Bila jaribio la vitendo utaajiri karatasi.

Ila sisi tuna friji mbovu moja ya zamani nyuma ya jiko, tunaiharibu kwa makusudi, tunampa mtu dakika 40. Chai na mahamri viko mezani. Nauli ya anayetoka mbali tunarudisha, hata kama hatumchukui. Saa sita kwenye friza ya kazi, bila maji, sijawahi kuona na siwezi kuitetea. Lakini inawezekana ilikuwa bahati mbaya tu: friza imekufa asubuhi ile ile, fundi mkuu amechanganyikiwa, nyama ya watu inaoza, akamtumia aliyekuwa mbele yake.

#9 Mwana wa Langoni

@Mpokea Wageni barafu ile haikuwa ya asubuhi moja. Ile ni ya wiki mbili au zaidi.

#10 Nahodha Mstaafu

Wanangu salama? Mimi si mtu wa mitambo, mimi ni mtu wa jahazi. Nitasema nilichokiona.

Matondoni, kijana akija kutaka kazi ya useremala wa vyombo, fundi hamuulizi maneno. Anampa tezo na ubao wa mbavu ya chombo. Ubao wa kweli, unaokwenda kwenye chombo cha kweli. Kwa hivyo kujaribiwa kwa kazi ya kweli si jambo geni hapa kwetu, na si dhuluma. Lakini! Siku ile chakula cha mchana ni cha mwenye jahazi. Na jioni fundi anamwambia kijana kwa mdomo wake: rudi kesho, au mkono wako bado. Hapana kijana aliyepelekwa kwao na neno "tutakupigia". Mato yangu yameona mafundi wakali, wenye matusi hata, lakini jibu walitoa kabla ya magharibi.

#11 Kibodi ya Gede

Mzee umenena. "Jibu kabla ya magharibi," hii naiandika ukutani.

Kwetu sisi wa kompyuta ni vile vile. Niliomba kazi ya kuandika programu kwa watu fulani wa Malindi wenye nyumba za kukodisha. Usaili ulikuwa kwa video. Jaribio: "Tengeneza ukurasa wa kuhifadhi vyumba, kalenda, malipo kwa M-Pesa, lugha tatu. Una siku tatu." Sikulala. Kiitaliano nilisaidiwa na binamu anayeuza vinyago ufukweni. Nikawatumia. Wakajibu kwamba kiwango changu hakijafika.

Baada ya miezi miwili naona ukurasa wao uko hewani. Wamebadilisha rangi. Lakini kwenye salamu niliandika kwa haraka "Karibuni Malidi", N imeruka. Na wao wameiweka vile vile, Malidi, kwa herufi kubwa juu ya picha ya bahari.

#12 Dada Waya

Subhanallah. Ulifanya nini?

#13 Kibodi ya Gede

Niliwaandikia barua mbili. Hawakujibu. Ila N wameiweka.

#14 Baraza la Haki

Jamani mbona mnalia? Sheria ya Ajira ya 2007 iko wazi, kazi ni malipo. Fundi awapelekee ankara, saa sita kwa bei ya fundi, na nauli juu. Wasipolipa, mahakamani.

#15 Karani wa Mji Mkongwe

@Baraza la Haki pole pole. Sheria ile inamlinda mwajiriwa, yaani mtu aliyeingia mkataba wa kazi kwa ujira, wa maandishi au wa mdomo. Kaka yetu alikwenda kama mtafuta kazi. Atabidi aonyeshe kwamba palikuwa na makubaliano ya kulipwa, na hapakuwa. Mahali sheria inapomtaja waziwazi mtu anayetafuta kazi ni kifungu cha 5, kinachokataza ubaguzi: jinsia, dini, kabila, ulemavu na kadhalika. Kwa hiyo mwenye hoja nzito zaidi humu ni Dada Waya na lile swali la mume, kuliko Mwana wa Langoni na friza.

Njia iliyobaki kwake ni madai ya huduma aliyoitoa nao wakafaidika. Mahakama ya Madai Madogo, kwa sheria ya 2016, inasikiliza ya hadi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili.

#16 Baraza la Haki

Nilijua ni laki 2.

#17 Karani wa Mji Mkongwe

Ilikuwa laki 2 mwanzoni. Ikapandishwa 2020.

#18 Msimamizi

Nimefuta chapisho moja lililotaja hoteli kwa jina. Mwenye uzi mwenyewe hakulitaja, tumheshimu. Endeleeni.

#19 Mtu wa Benchi

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Nadhani mimi nilikuwa mmoja wa wale watano. Shati la bluu, nimekaa mwisho karibu na chungu cha maua. Kaka, ulikuwa na begi la vifaa lenye zipu iliyofungwa kwa kamba?

#20 Mwana wa Langoni

Ndiyo! Ni mimi.

#21 Mtu wa Benchi

Basi sikiliza. Mimi niliingia kabla yako, nikakaa dakika saba. Sikuulizwa gesi, sikuulizwa rangi ya mtungi. Nimeulizwa vitu vitatu: natoka wapi, nina mke, na kama nitakubali 16,000 kwa mwezi. Nikasema naweza kuanza na hiyo. Yule mama akaandika. Tukaambiwa twende zetu. Wengine wawili niliotoka nao tukatembea hadi stendi, nao ni hivyo hivyo. Hakuna aliyepelekwa kwenye friza ila wewe. Nadhani walitazama begi lako. Sisi tulikuja na bahasha tu.

Na mimi pia sijapigiwa.

#22 Tuktuk wa Maweni

Haya sasa. Mnaona? Aliyekuja na vifaa ndiye aliyefanyishwa kazi.

#23 Upepo wa Kusi

Mnasahau msimu. Hii ni Malindi. Mvua za masika zikianza watalii wanaondoka, hoteli nyingine zinafunga kabisa mpaka Julai, wafanyakazi wanapewa likizo bila malipo. Hakuna hoteli inayoajiri fundi mpya wakati huo. Wanakusanya majina ya watu wa bei nafuu ili Agosti Mtaliano akishuka wawe tayari. Kwa hiyo mimi sioni njama. Simu italia Julai, na itakuwa ya 16,000.

#24 Bi Mkoko

Au kazi ilikuwa na mwenyewe tangu zamani. Wanatakiwa waonyeshe makao makuu kwamba wamesaili watu watano, wanawasaili watano, na mpwa wa mtu anaanza Jumatatu. Mume wangu amepitia hayo mara tatu, upande wa chumvi huko Gongoni na Marereni. Mara ya tatu aliyepewa kazi ndiye aliyemfungulia geti.

#25 Koleo Mbili

Mimi naona wote mnakwepa la wazi. Fundi mkuu aliogopa. Friza imemshinda, amejaza gesi juu ya gesi, anatokea kijana kutoka Lamu anajua mpaka kwa nini 404A inatolewa ikiwa maji. Ukiwa meneja umesikia mazungumzo yale, utajiuliza nani awe mkuu. Kwa hiyo alimzuia. Alimnyamazisha chumbani, na faili akaliandikia maneno yake mwenyewe.

#26 Mpokea Wageni

Hilo linawezekana kabisa, na linaniuma kulikubali.

#27 Mwana wa Ngomeni

Naingilia kidogo. Mjomba wangu alifanya kazi na Waitaliano wa kituo cha anga cha San Marco pale kwetu, miaka ile wanarusha roketi kutoka jukwaa la baharini. Hakuwa na cheti. Anasema alipewa spana na mashine ya boti iliyokataa kuwaka, bosi akakaa pembeni juu ya ndoo, anatazama mikono yake tu. Ikawaka. Bosi akampa sigara na kazi. Hiyo ilikuwa 1967, mwaka waliorusha setilaiti ya Uhuru.

#28 Karani wa Mji Mkongwe

Kisa kizuri, ila mwaka umeteleza. 1967 ni San Marco 2, mwezi wa Aprili, setilaiti ya kwanza kurushwa pale. Uhuru ilirushwa 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikaitwa jina hilo. Ilikuwa ya Marekani, ya kutazama miale ya eksirei angani.

#29 Mwana wa Ngomeni

Ahsante karani. Mjomba huchanganya, anasema tu "mwaka wa roketi". Boti iliwaka, hilo halijabadilika miaka yote anayolisimulia.

#30 Nahodha Mstaafu

Tazama hapo, wanangu. Bosi alikaa akatazama mikono. Huyu wa hoteli yeye alikaa?

#31 Mwana wa Langoni

Hapana mzee. Alikuja mara mbili kuuliza bado kiasi gani.

#32 Mwana wa Langoni

Ndugu zangu, wamenipigia. Sasa hivi, baada ya swala ya alasiri. Mkono bado unatetemeka.

Si kuhusu kazi. Ni fundi mkuu mwenyewe. Salamu nyingi, "kijana wangu", "fundi wetu". Barafu imerudi kwenye koili. Anauliza taima niliipanga saa ngapi kwa sababu karatasi imeloa maji haisomeki. Nikamuuliza mpira wa mlango mlinunua? Akasema bado, uko kwenye oda. Nikamuuliza, na nafasi ile ya kazi imefikia wapi? Kimya kidogo, kisha: "Hiyo ni ya ofisi, mimi nakuuliza hili la friza kwanza."

Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata simu. Nimemwahidi nitampigia baada ya magharibi. Nimjibu nini?

#33 Tuktuk wa Maweni

Usimjibu. Zima simu, nenda kaoge baharini.

#34 Baraza la Haki

Mjibu kwa maandishi, WhatsApp, ili ibaki ushahidi. Mwambie ushauri ni shilingi 3,000, kazi ya siku ile ni 8,000, na nauli 2,500. Akijibu neno lolote kuhusu friza, amekiri kwamba uliitengeneza.

#35 Karani wa Mji Mkongwe

Kwa hili nakubaliana na Baraza. Simu yake ya kuuliza taima ina uzito kuliko lolote ulilonalo sasa. Usiifute kwenye orodha ya simu. Na namba za simu na saa alizopiga, ziweke.

#36 Bi Mkoko

Mimi nitasema tofauti. Nyama ile italiwa na watu. Ikiyeyuka ikaganda tena, wapishi hawataitupa, na wafanyakazi ndio hupewa iliyoharibika mwanzo. Mwambie saa za taima, ni neno moja tu. Pesa dai baadaye.

#37 Dada Waya

Bi Mkoko, nakuheshimu sana, lakini kila mara sisi ndio tunaohurumia nyama ya watu. Mimi nilimjibu yule aliyenipigia kuhusu waya. Nilimwambia unene, nikamwambia na fyuzi. Hakusema hata ahsante. Sijui kama ningerudia.

#38 Koleo Mbili

Taima haitasaidia chochote mpira ukiwa umechanika. Hata ukiipanga kila saa tatu, hewa yenye unyevu inaingia tu, na hita itapasha chumba kizima. Kwa hiyo saa za taima si siri ya kuuza. Mwambie anunue mpira. Ulishamwambia bure, akaupuuza.

#39 Upepo wa Kusi

Na ukimdai pesa, jina lako Julai halipo. Pima.

#40 Mtu wa Benchi

Julai gani? Mimi nimepata habari kutoka kwa mlinzi wa pale, tunatoka kijiji kimoja. Anasema kuna kijana ameanza Jumatatu iliyopita stoo ya vifaa, anaitwa "msaidizi wa fundi". Sijui kama ni mpwa wa mtu. Hakuwa kwenye benchi letu.

#41 Bi Mkoko

Nilisema.

#42 Upepo wa Kusi

Msaidizi si fundi. Nafasi bado inaweza kuwa wazi.

#43 Mwana wa Langoni

Nimempigia. Nimemwambia hivi: kila saa sita, dakika 25, na bila mpira haitafaa. Nimemwambia pia kazi ya siku ile ni shilingi 8,000 na nauli 2,500, nitamtumia kwa maandishi, na meneja apate nakala. Akasema, "Lakini ule ulikuwa usaili." Nikamwambia basi nipe matokeo yake. Akasema atauliza.

Ujumbe nimeutuma. Tiki mbili, za buluu. Hajajibu.

#44 Nahodha Mstaafu

Umesema vyema, mwanangu. Magharibi ya leo imekukuta umesema lako.

#45 Baraza la Haki

Tupe habari ya jibu. Ukihitaji mtu wa kuandika barua ya madai, Karani na mimi tutakaa nayo.

#46 Karani wa Mji Mkongwe

Nitaiandika mimi. Baraza atasoma.

#47 Ngalawa ya Kizingitini

Samahani naingia na la kwangu. @Mwana wa Langoni, huku Kizingitini nina friza mbili za barafu ya samaki. Moja inagandisha upande mmoja tu, upande wa pili maji. Kompresa inazunguka, haisimami kabisa. Fundi aliyekuja alisema gesi, akaongeza, siku mbili nzuri, ikarudi. Uko tayari kuja? Boti, chakula na pa kulala juu yangu, na bei yako useme kabla hujapanda.

#48 Mwana wa Langoni

@Ngalawa ya Kizingitini nipo. Kabla sijaja niangalizie mambo mawili. Pitisha noti ya shilingi 50 kwenye mlango, ufunge, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea, nije nao. Halafu tazama koili ya chini nyuma, kama imeshika kutu na chumvi mpaka mapezi yamelala. Usiiguse, nipigie picha tu. Na fundi wa gesi aliweka gesi gani? Kama hukumbuki rangi ya mtungi si kitu, soma kibandiko kilicho kwenye friza yenyewe.

#49 Ngalawa ya Kizingitini

Noti imetoka yenyewe upande wa kushoto. Picha nakutumia kesho, sasa hivi umeme umekwenda.